Hukumu Mbele ya Umati: Aida katika Uwanja wa Verona

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, waimbaji wakisindikizwa na okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma na ala nyinginezo, na sanaa hiyo ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, katika kumbi za watawala na matajiri. Kwa muda mrefu makao yake yalikuwa ndani ya nyumba, chini ya paa, mahali ambapo kuta za mbao na vyumba vidogo vya watazamaji vilisaidia kuikusanya sauti ya mwimbaji na kuirudisha kwa wasikilizaji. Kuitoa opera nje, penye upepo, umande na kelele za mji, ni uamuzi unaobadilisha karibu kila kitu katika utekelezaji wake, kuanzia namna mwimbaji anavyovuta pumzi hadi aina ya mapambo yanayowekwa jukwaani. Sura hii inaichunguza Aida, tanzia ya Giuseppe Verdi, kama inavyoonyeshwa katika uwanja wa kale wa Verona, kaskazini mwa Italia, ambako imechezwa mara nyingi kuliko opera nyingine yoyote. Watazamaji wengi huifuata huko kwa ajili ya gwaride la ushindi, lenye mamia ya watu jukwaani. Lakini uzito wa maonyesho hayo uko katika sehemu ya nne, ambamo mtu mmoja anahukumiwa na kufukiwa hai, kwa sababu jengo lenyewe limewahi kushuhudia binadamu wakiuawa kwa hukumu, umati ukitazama.

Uwanja huo, ambao wenyeji huuita Arena, ulijengwa na Warumi katika karne ya kwanza baada ya Kristo kwa mawe ya chokaa, meupe na ya rangi ya waridi, yaliyochimbwa katika vilima vya Valpolicella vilivyo jirani. Umbo lake ni la duaradufu, na ngazi zake za mawe, ambazo leo zinahesabiwa 44, zinapanda kukizunguka kiwanja cha katikati kwa mwinamo mkali, hivi kwamba anayeketi juu kabisa bado anamwona aliye chini bila kuzibwa na kichwa cha mtu wa mbele. Tetemeko la ardhi la Januari 1117 liliangusha karibu ukuta wote wa nje, na kilichobaki cha ukuta huo ni matao manne tu yenye ghorofa tatu, yanayosimama upande mmoja peke yake. Ukuta unaoonekana sasa kutoka barabarani, wenye matao 72 katika kila moja ya ghorofa zake mbili, ni ule uliokuwa wa ndani. Enzi za Warumi uwanja uliweza kuchukua watu wapatao 30,000, na siku hizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngazi hufunikwa na jukwaa, idadi hiyo imepungua kufikia takribani nusu.

Kilichowavuta watu 30,000 wa kale kilikuwa mapigano ya gladieta, wapiganaji ambao wengi wao walikuwa watumwa au mateka wa vita, waliopambanishwa wao kwa wao ili umma ufurahi. Karne nyingi baadaye, Februari 1278, wakati mji ukiwa chini ya utawala wa Alberto della Scala, watu wapatao 200 wa madhehebu ya Wakathari, ambayo Kanisa lilikuwa limeyatangaza kuwa ya uzushi, walichomwa moto wakiwa hai ndani ya uwanja huohuo, baada ya kukamatwa katika mji wa Sirmione ulio kando ya ziwa Garda. Habari hizo mara nyingi hupitwa haraka katika maelezo wanayopewa wageni, nazo ndizo zinazoifanya Aida iwe tofauti ikichezwa hapo kuliko ikichezwa katika jumba lolote la opera.

Aida yenyewe ilizaliwa Afrika, kwa maana kwamba aliyeiagiza na kuilipia alikuwa Khedivi Ismail, mtawala wa Misri kwa niaba ya dola ya Uthmaniya. Ismail alikuwa amejenga jumba la opera mjini Kairo, lililofunguliwa Novemba 1869, mwezi uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, na wengi bado huamini kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya sherehe za mfereji. Ukweli ni kwamba jumba lilifunguliwa kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi iliyokwisha kuwepo, na mkataba wa Aida ulipatikana mwaka uliofuata, kwa malipo ya faranga 150,000. Kisa kilibuniwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale ya Misri, kisha Antonio Ghislanzoni akakiandikia libreto, yaani maneno ya kuimbwa. Onyesho la kwanza lilichelewa kwa sababu mavazi na mapambo yaliyotengenezwa Paris yalikwama huko wakati jeshi la Prussia lilipouzingira mji huo mwaka 1870, na hatimaye lilifanyika Kairo tarehe 24 Desemba 1871, bila Verdi mwenyewe kuhudhuria. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Februari 1872, ilichezwa katika jumba la opera la La Scala mjini Milano, na huko ndiko Verdi alikosimamia kila jambo mwenyewe.

Ni vyema msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke Ismail alikuwa nani. Opera aliyoigharimia inaonyesha Misri ikiishinda Ethiopia. Miaka minne baadaye alituma majeshi halisi kuivamia Ethiopia, na majeshi hayo yakashindwa vibaya, kwanza Gundet, Novemba 1875, kisha Gura, Machi 1876. Katika mwaka huohuo wa 1875 alituma pia msafara wa meli, chini ya amri ya McKillop Pasha, uliozitwaa Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, na haukuondoka mpaka Uingereza ilipomshinikiza Ismail. Mhakiki Edward Said, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu, aliiweka Aida ndani ya historia hiyo ya dola na ushindani wao, na tangu hapo ni vigumu kuisikiliza kana kwamba Misri yake ni ya ndoto tu. Hata hivyo hakimu wa mwisho wa kazi ya sanaa ni kazi yenyewe, na humo Verdi hakumsifu mshindi.

Kisa kinamhusu Aida, binti wa mfalme wa Ethiopia, ambaye ametekwa vitani na kufanywa mjakazi wa Amneris, binti wa Firauni, bila yeyote nchini Misri kujua ukoo wake. Wanawake hao wawili wanampenda mtu mmoja, Radamès, naye anateuliwa kuliongoza jeshi la Misri dhidi ya Ethiopia. Hivyo Aida yuko njia panda tangu mwanzo, kwani akimwombea mpenzi wake ushindi anamwombea baba yake kifo. Radamès anarudi mshindi akiwa na mateka, na miongoni mwao yumo Amonasro, babake Aida, ambaye anauficha ufalme wake. Kandokando ya mto Nile, usiku, Amonasro anamlazimisha binti yake amtoe Radamès siri ya njia ambayo jeshi la Misri litapita, na anapokataa, baba anamkana kwa maneno makali hata moyo wake unavunjika na anakubali. Siri inatoka, makuhani wanalisikia neno, na Radamès, badala ya kukimbia, anajikabidhi.

Tanzia hii ililetwa Verona mwaka 1913, miaka 100 baada ya Verdi kuzaliwa. Muziki ulikuwa umewahi kupigwa uwanjani hapo kabla, hata Rossini aliwaandalia watawala wa Ulaya kazi ya kuimbwa walipokutana Verona mwaka 1822, lakini hapakuwa na desturi ya kila kiangazi. Aliyeianzisha ni Giovanni Zenatello, mzaliwa wa Verona, mwimbaji wa tenori, ambayo ni sauti ya juu ya kiume, akishirikiana na mfadhili wa maonyesho Ottone Rovato; na inasimuliwa kwamba kabla ya kuamua, Zenatello alisimama kiwanjani na kuimba ili wenzake waliotawanyika katika ngazi wamwambie kama wanasikia. Tarehe 10 Agosti okestra iliongozwa na Tullio Serafin, Zenatello akawa Radamès, Ester Mazzoleni akawa Aida, na Maria Gay, mke wa Zenatello, akawa Amneris. Uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa wa msanifu majengo Ettore Fagiuoli, ambaye aliachana na vitambaa vilivyochorwa mandhari, vinavyofaa ndani ya nyumba, akasimamisha nguzo na minara ya kujengwa inayoweza kutazamwa kutoka pande nyingi, huku ngazi za mawe zilizo nyuma ya jukwaa zikiachwa ziwe sehemu ya picha. Vita Kuu mbili ziliukatiza utaratibu huo, lakini kila amani iliporudi opera nayo ilirudi, na mmojawapo wa waliokuja kuimba baada ya vita ya pili ni Maria Callas, ambaye alijitokeza Italia kwa mara ya kwanza katika uwanja huu, Agosti 1947.

Swali la Zenatello, kama watu watasikia, ndilo gumu kuliko mengine, na jibu lake linahitaji maelezo kidogo ya fizikia. Sauti ikiwa nje haina paa wala dari ya kuirudisha, kwa hiyo hudhoofika kadiri inavyosafiri, na kila umbali unapoongezeka maradufu nguvu yake hupungua kwa desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Aliye mita 80 kutoka kwa mwimbaji hupata desibeli 18 pungufu ya aliye mita 10. Mwinamo wa ngazi husaidia, kwa kuwa sauti humfikia kila mtu moja kwa moja bila kumezwa na miili ya waliotangulia, na jiwe gumu hurudisha kiasi cha kile linachokipokea. Usiku nao husaidia. Jua likishazama, hewa iliyo karibu na ardhi huweza kupoa kuliko ile ya juu, na mawimbi ya sauti, yanayokwenda kasi zaidi katika hewa yenye joto, hupinda kuelekea chini badala ya kupotea angani. Lakini msaada mkubwa unatoka kooni: mwimbaji wa opera aliyefunzwa hukusanya sehemu kubwa ya nguvu za sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ina nguvu kidogo na sikio la binadamu lina wepesi mkubwa wa kusikia, jambo ambalo mtafiti wa Sweden Johan Sundberg alilieleza kwa vipimo. Hii ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kusikika juu ya ala nyingi bila kipaza sauti, kama ilivyokuwa desturi ya Verona kwa muda mrefu, mradi asijaribu kupiga kelele, kwa sababu kupiga kelele huiharibu nguvu hiyohiyo.

Kwa kwaya taabu ni ya aina nyingine. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwanakwaya aliyesimama mita 50 kutoka kwenye okestra huisikia kwa kuchelewa karibu sehemu ya saba ya sekunde, na anachokiimba kwa kuifuata huchelewa tena kiasi hicho kikirudi kwa mwongozaji. Katika mwendo wa gwaride wenye mapigo 100 hivi kwa dakika, jumla ya ucheleweshaji huo ni nusu ya pigo, na nusu ya pigo inatosha kuuvunja wimbo wote. Kwa sababu hiyo wanakwaya hufundishwa kuyaamini macho na kuyanyima masikio imani: hufuata fimbo ya mwongozaji hata pale okestra wanayoisikia inapowaambia kwamba wamewahi mno.

Mazingira mengine ya onyesho yanafahamika kwa kila aliyefika. Mchana, katika uwanja wa mji uitwao Bra, sanamu za sfinksi na vipande vya nguzo huonekana vimepangwa nje vikisubiri kreni, kwa kuwa opera hubadilishwa usiku hadi usiku na jukwaa halina ghala la kutosha. Walionunua tiketi za bei nafuu huketi juu ya mawe yaliyotunza joto la jua, wengi wakiwa na mito ya kukodi, na giza linapoingia huwasha mishumaa midogo, desturi iliyotokana na zama ambazo watu walihitaji mwanga wa kusomea libreto. Mtu aliyevaa mavazi ya igizo hutokea na kupiga upatu kuwatangazia watazamaji kwamba sehemu inaanza. Mvua ikinyesha, wa kwanza kuondoka ni wapiga fidla na mpiga kinubi, ambao mbao na nyuzi za ala zao haziwezi kustahimili maji, na kwa desturi ya muda mrefu onyesho likiwa limeshaanza mwenye tiketi hana madai.

Gwaride la ushindi, lililo mwishoni mwa sehemu ya pili, linaonekana kama liliandikwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Verdi aliagiza tarumbeta maalumu, ndefu na zilizonyooka, kwa kufuata alichodhani kuwa mfano wa Misri ya kale, ingawa tarumbeta mbili zilizopatikana baadaye katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, ni fupi sana zikilinganishwa na zake. Alizigawa katika makundi mawili yenye tarumbeta tatu tatu: kundi la kwanza linapiga wimbo wa gwaride, kisha la pili linaupokea wimbo uleule nusu-toni tatu juu zaidi, na msikilizaji huhisi kana kwamba mwanga umeongezwa ghafla. Katika uwanja wa wazi makundi hayo huweza kutenganishwa kwa upana wote wa jukwaa, na hapo umbali, ambao kwingine ni adui wa mwanamuziki, unageuka kuwa sehemu ya muziki.

Lakini kinachofuata baada ya tarumbeta hakipewi uangalifu unaostahili. Mateka wa Ethiopia wanaletwa mbele ya Firauni. Makuhani wanadai wauawe, umma na mateka wenyewe wanaomba huruma, na sauti hizo zinagongana katika wimbo mmoja mkubwa. Jengo ambalo mateka wa vita walipambanishwa hadi kufa ndani yake linaimbiwa shauri la kuwaua au kuwaacha mateka, na wanaolisikiliza shauri hilo wameketi palepale walipoketi waliofurahia mapigano hayo. Hakuna jumba la opera linaloweza kujenga uhusiano huo kwa mbao na rangi.

Katika sehemu ya nne uhusiano huo unakaza zaidi. Radamès anapelekwa katika chumba cha chini ya ardhi kuhukumiwa, na Verdi hakumwonyesha mtazamaji kesi hiyo. Alimweka Amneris peke yake jukwaani, akisikiliza. Kutoka chini inasikika sauti ya Ramfis, kuhani mkuu, ikimsomea mshtakiwa mashtaka matatu, moja baada ya jingine, na kila mara ikimtaka ajitetee. Kila mara Radamès ananyamaza, na makuhani wanamwita msaliti. Amneris, ambaye wivu wake ndio uliofungua mlango wa maangamizi, anawalaani makuhani hao kwamba wanamwaga damu huku wakijiita watumishi wa mbingu. Verdi aliyaandika haya mwaka 1870, mwaka ambao mtaguso wa Vatikani ulitangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapotangaza rasmi fundisho la imani, na askari wa Italia waliingia Roma na kuukomesha utawala wa Papa juu ya mji huo. Hasira ya mtunzi dhidi ya mamlaka ya kidini inayotoa hukumu za kifo haikuwa ya Misri wala ya kale. Verona tanzia hiyo inaimbwa mahali ambapo hukumu ya aina hiyo ilitekelezwa kweli, mwaka 1278, na mwimbaji wa Amneris anapoielekeza laana yake gizani anaielekeza kwenye mawe yaleyale.

Adhabu ni kufukiwa hai chini ya madhabahu, na kwa tukio la mwisho Verdi alitaka jukwaa la ngazi mbili, hekalu likiwa juu na kaburi chini yake. Radamès anagundua gizani kwamba Aida alitangulia kujificha humo ili afe pamoja naye. Baada ya kelele zote zilizotangulia, muziki unashuka hadi fidla chache zinazopigwa kwa sauti ndogo kabisa, wapenzi wanaagana na dunia, na juu ya jiwe lililowafunika Amneris anaomba amani. Waongozaji wengi wangeogopa kumaliza onyesho la nje kwa sauti ndogo hivyo, mbele ya maelfu ya watu waliochoka na waliokaa hadi usiku wa manane. Verdi hakuacha njia nyingine, na uzoefu wa Verona unaonyesha kwamba umati huo hutulia wenyewe, kwa sababu kila mtu anajua kwamba akikohoa tu jirani yake atalikosa neno.

Swali ambalo maonyesho ya Verona yalichelewa kulijibu linahusu uso wa Aida. Kwa miongo mingi waimbaji weupe walipakwa rangi nyeusi ili waonekane Waethiopia, na Julai 2022 mwimbaji Mmarekani mweusi Angel Blue alijitoa katika opera ya La Traviata aliyokuwa amepangiwa uwanjani hapo, akipinga kupakwa rangi kwa waimbaji wa Aida katika msimu huohuo. Pingamizi lake lilikuwa la haki. Leontyne Price, aliyeiimba Aida La Scala mwaka 1960 na kuichagua opera hiyohiyo kuliaga jukwaa la Metropolitan mjini New York mwaka 1985, alikuwa ameonyesha kwamba binti mfalme wa Ethiopia hahitaji kuigizwa kwa rangi ya kupaka, na mwimbaji mweupe anayeifahamu kazi yake anaweza kuuimba utumwa wa Aida kwa sauti peke yake, kama vile Radamès wa Kiitaliano anavyokuwa Mmisri bila mtu kuuliza.

Tamasha la Verona limekuwa likijaribu njia tofauti za kuiweka Aida jukwaani. Mwaka 1982 mwongozaji Gianfranco de Bosio alilifufua onyesho la 1913 kwa kufuata michoro ya Fagiuoli, mwaka 2002 Franco Zeffirelli alijaza jukwaa dhahabu na piramidi, na mwaka 2023, tamasha lilipotimiza awamu ya 100, Stefano Poda aliiondoa karibu Misri yote na kuweka miale ya mwanga na vioo. Mwaka uliofuata Aida ya Poda na ile ya De Bosio zilichezwa katika msimu mmoja, na aliyeziona zote mbili aliweza kupima kipi katika opera hii kinategemea sfinksi na kipi hakitegemei. Gwaride hubadilika kabisa mapambo yanapobadilika. Tukio la hukumu linabaki lilivyo, kwa kuwa linahitaji mwanamke mmoja jukwaani, sauti za makuhani kutoka chini, na mtu anayekataa kujitetea.